Mtoto akiumwa na nge: mtazame mtoto, usihangaike na nge

Kipindi cha afya. Nakala ya kusomwa hewani na kubandikwa, Kakuma na Kalobeyei.

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka taratibu)

  

Leo tunazungumza juu ya nge, na hasa nge na watoto wetu. Tumechagua wakati huu kwa sababu ya mvua. Mvua ikinyesha Turkana, mashimo yanajaa maji, na nge anafanya kama sisi: anatafuta mahali pakavu. Mahali pakavu ni nyumbani kwako. Hili si la huku peke yake. Novemba 2021 dhoruba kubwa ilipiga Aswan, kusini mwa Misri. Nge walitoka mashimoni wakaingia mitaani na majumbani, na watu wapatao 500 wakafikishwa hospitali kwa siku chache tu.

Sasa fikiria hali hii, maana wengi mnaijua. Saa tatu za usiku mtoto analia, ameumwa na nge mguuni. Majirani wote wanatoka nje na kila mmoja ana neno lake. Mama kutoka Kivu anasema leteni jiwe jeusi. Mzee kutoka Sudan anasema kimbieni, mtoto huyu anakufa. Jirani mwenyeji wa hapa Turkana anasema tulieni, ni maumivu ya usiku mmoja, asubuhi atakuwa anacheza. Mwingine ameshika tochi na fimbo, anamtafuta nge ili amponde na kumpaka mtoto kwenye kidonda. Wakati watu wazima wanabishana, hakuna anayemwangalia mtoto.

Ajabu ni kwamba hawa watu hawasemi uongo. Kila mmoja anasema alichokiona kwao.

Duniani kuna aina zaidi ya 2,000 za nge. Wote wana sumu, lakini wanaoweza kumuua binadamu ni makumi machache tu. Na hao hawakugawanywa sawasawa. Sudan na Misri kuna nge wa manjano wa jangwani ambaye ni kati ya wabaya kuliko wote, na watoto hufa kwa sababu yake. Kwa hiyo mzee wetu kutoka Sudan ana haki ya kuogopa. Ukipanda milima ya Kivu au ya Burundi, mtu anaweza kukua mpaka aoe bila kumwona nge zaidi ya mara moja au mbili. Huyo akifika kambini hajui kabisa afanye nini, anatumia dawa aliyoijua ya nyoka. Hapa Turkana wako nge wa aina nyingi. Wengine maumivu yao ni kama ya nyuki. Wengine, wale wenye mkia mnene, sumu yao inaweza kumfikisha mtoto mdogo mahali pabaya.

Wataalamu wana njia ya kukisia. Nge mwenye magando makubwa mapana na mkia mwembamba kwa kawaida anategemea magando yake, na sumu yake ni hafifu. Nge mwenye magando membamba na mkia mnene anategemea mkia, na huyo ndiye wa kuogopwa. Kwa hiyo lile dude kubwa jeusi linalowafanya watoto wapige kelele mara nyingi si baya kama kile kidogo chembamba chenye rangi ya majani makavu. Lakini nakuomba usiitegemee njia hii usiku. Usiku, kwa tochi ya simu, na mtoto analia, nani atapima mkia? Mara nyingi nge mwenyewe ameshapotea chini ya kuni.

Ndiyo maana tunasema mtazame mtoto. Hata daktari akimpokea hatamtibu kwa jina la nge. Atamtibu kwa dalili anazoziona mwilini mwake.

(Muziki mfupi)

Kwanza tuelewe sumu inafanya nini. Nge haumi kwa mdomo ingawa tunasema ameuma. Anachoma kwa mwiba ulio mwisho wa mkia, kama sindano ya kliniki. Sumu inaingia chini ya ngozi na kugusa mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari mwilini. Mishipa hiyo ina vijilango vinavyofunguka na kufungwa. Sumu ya nge mbaya inavizuia visifungwe. Hapo mishipa inapiga kelele bila kunyamaza, kama redio iliyokwama kwenye sauti ya juu. Jasho linatoka, mate yanatoka, mtoto anatapika, moyo unakimbia, shinikizo la damu linapanda. Ikiendelea hivyo, moyo unachoka na maji yanajaa kwenye mapafu. Kwa nge wengine wenye mkia mnene, misuli inaruka ruka, kisha kumeza na kupumua kunakuwa kazi.

Kwa nini mtoto ndiye anayezidiwa? Hesabu ni rahisi. Nge hapimi. Tone analompa baba wa kilo 60 ndilo analompa mtoto wa kilo 10. Kwa kila kilo ya mwili, mtoto amepata sumu mara sita. Baba atakuambia, "Mimi niliumwa mwaka jana nikanywa chai nikalala." Ni kweli, mzee, lakini wewe ni watoto sita.

Duniani inakadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 1 huumwa na nge kila mwaka, na zaidi ya 3,000 hufa. Walio wengi kati ya wanaokufa ni watoto. Kwa upande mwingine, angalia pengo lililopo kati ya hizo hesabu mbili. Watoto wengi sana wataumwa, watalia usiku kucha, na watapona. Kazi yetu ni kuwajua wale wachache mapema.

Basi tazama nini? Maumivu makali mahali alipoumwa, ganzi, au kuwashwa, hayo ni ya kawaida. Uvimbe mara nyingi ni mdogo au hakuna kabisa, kwa hiyo usiseme "hajavimba, ni mzima." Hatari inaonekana mbali na kidonda. Mtoto anatapika. Anatoka jasho jingi huku mikono na miguu ni ya baridi. Mate yanamtoka kuliko kawaida, au hawezi kumeza. Macho yanacheza cheza yenyewe au kope zinalegea. Misuli inaruka, anahangaika, anajirusha huku na huku na hakuna anachotaka. Anapumua haraka au kwa shida. Mtoto wa kiume uume wake unaweza kusimama bila sababu, na hapo wazazi wengi huona haya kusema. Mwambie daktari bila haya. Ni dalili kwamba sumu imeenea mwilini. Na mtoto aliyekuwa analia sana kisha akanyamaza na kulegea, usidhani amepoa.

Kuna mtoto mmoja ambaye hawezi kukuambia kitu: mtoto mchanga. Huyo analia ghafla usiku, kilio kikali ambacho ziwa halikinyamazishi, anatoa mate, macho yanazunguka. Mama anafikiri ni tumbo. Ukiona hivyo, mwondoe kwanza mahali alipolala, washa taa, mvue nguo zote uangalie ngozi, kisha kung'uta shuka na nguo zake.

Dalili hizi zikija, kwa kawaida zinakuja ndani ya saa chache za kwanza. Wakati mwingine ni ndani ya nusu saa. Kwa hiyo saa ni kitu cha kwanza cha kuhifadhi. Chukua kalamu, andika saa aliyoumwa kwenye mkono wa mtoto au kwenye kadi yake ya kliniki. Kliniki watakuuliza, na wewe kwa wasiwasi utakuwa umesahau.

(Muziki mfupi)

Mkononi mwako una nini cha kufanya? Vichache, na vyote ni rahisi. Mshike mtoto, mtulize, maana kukimbia na kulia kunamchosha moyo. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Chukua kitambaa safi, kilowanishe kwa maji ya baridi, yale ya kwenye mtungi yanatosha, ukiweke juu ya kidonda. Kama una dawa ya Panadol ya watoto na unajua kipimo chake kwa umri wake, mpe, isipokuwa anatapika au mate yanamtoka. Kama anatapika, mlaze ubavu, usimpe chakula wala kinywaji. Vua kiatu, bangili au shanga zilizo karibu na mahali alipoumwa. Kisha nendeni.

Mtoto yeyote aliyeumwa na nge anafaa kuonwa na mhudumu wa afya. Kama ni chini ya miaka 5, usingoje dalili. Kama ni mtoto yeyote na umeona hata dalili moja kati ya zile nilizotaja, hapo ni dharura, nenda usiku huo huo. Najua kuvuka kambi usiku si jambo dogo, na najua bodaboda usiku wanataka pesa ambayo huna. Ndiyo sababu nakuomba leo, mchana huu, ufanye kitu kimoja. Tafuta nambari ya ambulensi iliyobandikwa kliniki yako, iandike kwenye simu na pia ukutani kwa mkaa. Jua mhudumu wa afya wa jamii wa bloki yenu analala nyumba gani. Mkubaliane na majirani wawili watakaokusindikiza. Mambo haya hayapangwi vizuri mtoto akiwa tayari anatapika.

Sasa, jiwe jeusi. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu najua linapendwa, na wengine wamelinunua kwa pesa nyingi. Jiwe jeusi si jiwe. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mweusi. Mfupa uliochomwa una vitundu vidogo vidogo vingi, kwa hiyo ukiuweka penye damu au maji unanyonya unyevu na kushikamana na ngozi. Watu wanaona limeng'ang'ania, wanasema linavuta sumu, na likidondoka wanasema sumu imekwisha. Ungeliweka juu ya kidonda cha mwiba wa mathenge lingeshikamana vile vile. Sumu iliyoingia kwa sindano imeshaingia ndani, haingoji juu ya ngozi. Na mtoto aliyeumwa na nge wa kawaida angepona hata bila jiwe, kwa hiyo jiwe linapata sifa ambayo si yake. Ubaya wake mkubwa ni ile saa moja au mbili familia inapokaa kulitazama. Sitakuambia ulitupe, ni mali yako. Nakuambia lisikucheleweshe.

Mengine ni mabaya wazi. Kuchanja kwa wembe kunaleta kidonda na vidudu. Kufunga kamba kwa nguvu kunaua nyama ya mguu. Kufyonza kwa mdomo hakutoi kitu. Mafuta ya taa, maji ya betri, unga wa ndani ya betri, hivyo vinaunguza ngozi ya mtoto na vinaweza kumdhuru zaidi ya nge. Na wale wanaomgusisha mtu waya wa plagi ya pikipiki ili umeme uue sumu, tafadhali acheni. Moyo wa mtoto huyo umeshasumbuliwa tayari.

(Muziki mfupi)

Malalamiko tunayoyasikia sana ni haya: "Nilimpeleka kliniki, wakampa Panadol tu, wakatuambia tukae kwenye benchi." Naelewa hasira yako. Umetembea na mtoto mgongoni, ulitegemea sindano. Lakini kukaa kwenye benchi huku anatazamwa ndiyo tiba yenyewe ya hatua ya kwanza. Wanapima mapigo ya moyo, pumzi, joto, shinikizo la damu, kisha wanarudia. Kwa maumivu makali wanaweza kuchoma dawa ya ganzi mahali palipoumwa. Wakiona mabadiliko, wana muda wa kutenda na kumpeleka hospitali kubwa kabla hali haijaharibika. Ukiondoka kwa hasira baada ya nusu saa, umewanyima macho. Kaeni zile saa 4 mpaka 6.

Kuhusu sindano ya kuua sumu: ipo duniani, lakini inatengenezwa kwa nge wa nchi fulani, na ya nge wa huko haimfai nge wa huku. Na dawa ya sumu ya nyoka haifanyi kazi yoyote kwa sumu ya nge. Kwa hiyo daktari asipokupa, usidhani amekunyima kwa sababu wewe ni mkimbizi.

Tena, nchi zenye nge wabaya kuliko wetu zimeokoa watoto wengi kwa njia hizi za kawaida. India, katika mji mdogo wa Mahad jimbo la Maharashtra, daktari Himmatrao Bawaskar alianza miaka ya 1970 kuwatazama wagonjwa wa nge kitandani usiku kucha, akiandika shinikizo la damu na mapigo. Zaidi ya robo ya waliofika katika hali mbaya walikuwa wakifa. Aligundua kwamba kidonge cha bei nafuu cha kushusha shinikizo la damu, kinachoitwa prazosini, kinatuliza ile kelele ya mishipa kikitolewa mapema hospitalini. Vifo vikashuka mpaka chini ya 4 katika kila wagonjwa 100. Neno la kushika hapo ni mapema. Morocco, ambako zaidi ya watu 25,000 huripotiwa kuumwa kila mwaka, wakuu wa afya waliacha kutegemea sindano ya sumu. Nguvu wakaiweka katika kumtenganisha haraka mtoto mwenye dalili na asiye na dalili, na kumpeleka mwenye dalili kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Vifo vilipungua huko pia. Tafadhali usiende kununua vidonge vya shinikizo la damu dukani umpe mtoto. Bila kupimwa, vinaweza kumwangusha.

(Muziki mfupi)

Tumalizie kwa nyumba zetu. Nge anapenda joto, giza na mahali pa kujibana tumbo na mgongo. Tumemjengea bila kujua: ukuta wa matofali ya udongo wenye nyufa, ua wa miiba ya mathenge, rundo la kuni, magunia, maturubai yaliyokunjwa. Chakula chake ni mende na wadudu wengine, na hao wanafuata taa na makombo yetu. Akikosa chakula anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo usidhani atahama kwa njaa. Na mama nge anabeba watoto wake mgongoni, wengi kwa mara moja, kwa hiyo ukimwona mmoja, angalia vizuri.

Kitu chenye nguvu kuliko vyote tayari mnacho: chandarua. Tulipewa kwa ajili ya mbu, lakini kikichomekwa vizuri chini ya mkeka au godoro pande zote, nge hapiti. Vile vilivyogeuzwa kuwa ua wa kuku vingefaa kurudi kitandani. Kitanda chenye miguu kikae mbali na ukuta, shuka lisiguse chini. Nge hawezi kupanda kitu laini kama kioo au kopo jipya la bati, kwa hiyo miguu ya kitanda ikiwekwa ndani ya makopo masafi, hiyo ni kinga nyingine.

Kuni zikae mbali na mlango, na mtoto asitumwe kuzitoa kwa mkono mtupu. Zigonge kwanza kwa fimbo. Ziba nyufa kwa udongo kabla mvua haijazidi, ni kazi ya nusu siku. Asubuhi kung'uta viatu, sare na begi la shule. Usiku mtoto asiende chooni bila tochi na bila kuvaa kitu mguuni. Malapa ni bora kuliko miguu mitupu, ingawa kiatu kilichofungwa ni bora zaidi. Wafundishe wasiingize mkono kwenye shimo wala kugeuza mawe wakicheza kwenye laga. Kuku nao husaidia, wanamla nge bila woga.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ngozi ya nge inang'aa kijani ikimulikwa na ule mwanga wa zambarau, ule wa kitochi wanachotumia mawakala wa pesa kukagua noti bandia. Kama katika bloki yenu kuna mwenye nacho, kiazimeni usiku mmoja, zimeni taa, mulikeni kuta, kuni na ua. Utamwona kutoka mbali kama nyota. Muueni kwa kiatu kigumu au fimbo ndefu, watu wazima, watoto wakiwa nyuma.

Maswali yenu yaleteni kwa mhudumu wa afya wa bloki, au yaandikeni kwenye karatasi mtuachie kliniki, tutayajibu hewani. Wiki ijayo ni maji ya mvua na kuhara. Mimi mtangazaji wenu, nawatakia usiku mwema.

(Muziki wa kufunga)